Kengele ya Pointi Moja — Sehemu ya Saba: Hamsini Ipi?

Miguu ya bata ilitikisika tena.

Hapo ndipo Alhamisi iliyopita tulipomwacha Marlys Hnatiuk, amesimama peke yake katika uwanja wa Fort Garnet, theluji imemfunika vifundo, macho yameganda juu. Kwenye mwamba wa nguzo za goli alikuwa amening'inia Gaston, kamba shingoni. Gaston ndiye yule bata bukini mkubwa wa manyoya anayewachezea mashabiki siku za mechi. Ni vazi, na ndani ya vazi huwamo mtu.

Je, na leo mlikuwa na mtu?

Marlys hakusubiri kujua. Alikimbia, akateleza, akainuka, akaikumbatia ile miguu ya manjano na kuisukuma juu ili kamba ilegee.

"Vumilia," alisema, pumzi zikimtoka kama moshi. "Nimekushika. Vumilia."

Akasukuma tena.

"Utavunjika kiuno bure, mwenyekiti," ilisema sauti nyuma yake. "Humo hamna mtu."

Alikuwa Philomène Desjarlais, mpiga kengele wa uwanja, amebeba ngazi begani na mdomo umejaa mbegu za alizeti. Alikuwa na miaka sabini na haraka hakuijua, hata siku kama ile.

"Umejuaje, Mama Philo?"

"Gaston wa mwaka huu ni Mwalimu Tkachuk wa hesabu. Nimemwacha kantini sasa hivi, anakula perogi za viazi kama mtu anayefukuzwa. Anayetikisa miguu hiyo ni upepo." Alitema maganda kwenye kikombe cha karatasi alichotembea nacho kila mahali. "Muachie, nimkate kamba."

Bata alianguka kwa kishindo. Kishindo kile hakikuwa cha manyoya na sponji.

Wanawake wawili wakatazamana.

Marlys alipiga magoti, akafungua zipu ya tumboni, akaingiza mkono. Vidole vyake vikagusa kitu kirefu, kizito, cha baridi, kimeviringishwa kwa kitambaa cha sufi. Alikitoa. Alikifungua.

Mama Philo aliacha kutafuna.

"Ulimi," alisema. "Wameing'oa kengele yangu ulimi wake wa kugongea."

*

Pale Fort Garnet, Saskatchewan, Kanada, mpira ni ule wa kubebwa mikononi; timu ikiuvusha mstari wa goli watu hupiga kelele. Ikiupitisha kati ya nguzo kwa teke, hupiga makofi. Lakini kengele ya shaba iliyo kwenye mnara wa kaskazini, ile iliyotoka kituo cha reli baada ya treni za abiria kukoma, hulia kwa jambo moja tu. Hulia kwa pointi moja.

Pointi moja hupatikana hivi: unapiga teke, mpira unakosa goli, unaangukia kwenye ukanda ulio nyuma ya mstari wa goli, na mpinzani anashindwa kuutoa. Ni kipato kidogo kuliko vyote, na wageni hukicheka. Hata hivyo, miaka thelathini na minne iliyopita, katika dhoruba ya theluji, Bata Bukini wa Fort Garnet walichukua kombe kwa pointi hiyo hiyo. Orest Hnatiuk alishika mpira chini, Garth Lindqvist akapiga, mpira ukapita pembeni ya nguzo, na beki wa wageni akateleza nao akiwa kwenye ukanda. Marlys alikuwa jukwaani siku hiyo. Mwaka uliofuata aliolewa na Orest. Sasa Orest yuko kaburini, Garth ni makamu mwenyekiti wa klabu, na Marlys mwenyewe, muuza mbegu na mbolea, ndiye mwenyekiti.

Na leo saa kumi jioni alipaswa kupiga kura.

Ligi ilitaka kubadili sheria tatu. Pointi moja ifutwe. Nguzo za goli zitolewe kwenye mstari, zirudishwe mwisho wa ukanda. Uwanja ufupishwe kwa yadi kumi, kutoka mia na kumi hadi mia. Klabu ziko tisa na kura sita zinatosha. Tano zilikwisha kusema ndiyo, tatu zimesema hapana. Ya tisa ilikuwa ya Fort Garnet.

Mji ulikuwa umechachamaa kwa ajili ya ile pointi. Wiki mbili nyuma dirisha la duka la Marlys lilimwagiwa rangi nyekundu. Kanisani watu walianza kukaa benchi la mbali naye, kwa sababu tu alikuwa bado hajatamka atapiga kura gani.

"Wananionya," alisema sasa, ameupakata ule ulimi wa shaba kama mtoto. "Nikisema ndiyo, na mimi nitang'olewa wangu."

"Nani wanakuonya?"

"Mashabiki. Nani mwingine?"

Mama Philo alikichukua kitambaa, akakigeuza upande huu na huu. "Mwanangu, mtu anayeililia pointi hawezi kuikata ulimi kengele ya pointi. Ni kama mtu aliyefiwa avunje jeneza. Halafu tazama. Hakuukata. Ameufungua taratibu, akaufunga vizuri usichubuke. Aliyefanya hivi anaipenda kengele."

"Anayeipenda angeifanyia hivi?"

"Hapo sasa ndipo mimi sipaelewi. Nusa."

Marlys alinusa. Kitambaa kilinukia dawa ya kuchua, ile kali inayowasha macho. Alikirudisha. Chumba cha wachezaji chote kinanuka vile, na nusu ya wanaume wa mji ule waliwahi kucheza na sasa wanachua magoti.

"Naenda juu mnarani," alisema Mama Philo. "Nione wamemfanya nini mwenzangu."

"Uwaachie polisi."

"Polisi yuko kwenye mashindano ya kutelezesha mawe kwenye barafu, atarudi kesho. Wewe ukae na huo ulimi ofisini. Mimi nina nyundo." Aliigusa mfukoni mwa koti. "Nikigonga mara moja, ujue kengele ni nzima. Nikigonga mfululizo, lete watu."

"Mama Philo, usiende peke yako."

"Kwani nimeanza leo? Jukwaa hili mwaka wa tatu halijai hata nusu, nimezoea upweke." Alicheka bila furaha. "Mkuu wa Ligi angekuwa na mahali pengine pa kutuhamishia, tungekuwa tumeshahamishwa zamani. Bahati yetu ni kwamba uwanja wa kutosha mpira huu hajaupata."

Akaenda, akitema maganda ya alizeti kikombeni mwake. Msomaji ayakumbuke maneno yake hayo ya mwisho. Marlys hakuyakumbuka mpaka baadaye.

*

Ofisi ya klabu iko chini ya jukwaa. Ina meza moja, hita moja ya umeme na dirisha dogo linaloangalia mnara. Marlys aliuweka ulimi wa kengele mezani, kando ya simu, akakaa akiutazama.

Saa tisa na nusu mlango ulifunguliwa bila hodi.

"Shemeji." Garth Lindqvist aliingia na vikombe viwili vya kahawa, kofia ya sufi imejaa theluji. Alikuwa bado mwanamume wa kutazamika, ingawa goti la kupigia lilikuwa limekwisha na alitembea kama meza yenye mguu mfupi. "Umeumia?"

"Kiuno. Nimembeba bata."

"Nimesikia. Mji mzima umesikia. Pale kituo cha mafuta wanasema umelia."

"Sijalia."

"Nimewaambia hivyo. Nimewaambia Marlys Hnatiuk akilia, mto utaganda mwezi wa saba." Alimsogezea kahawa, kisha macho yake yakauona ulimi. Yakatulia pale kidogo kuliko Marlys alivyotarajia. "Washenzi," alisema.

"Mama Philo anasema si mashabiki."

"Philomène anasema mengi. Mimi ananiambiaga nini kila Jumapili? Kwamba ni mtu pekee duniani aliyepata utukufu kwa kukosa goli." Alivuta kiti, akakaa karibu na hita, akaanza kulisugua goti. "Sikiliza, shemeji. Sitaki ufikie saa kumi na hofu hii. Nimezungumza na Carrick."

Carrick ndiye Mkuu wa Ligi. Marlys aliweka kikombe chini.

"Lini?"

"Asubuhi. Nimemwambia huyu mama mmemsumbua vya kutosha. Mpeni kitu cha kuwapelekea watu wake. Unajua kanijibu nini?"

"Sema."

"Anakupa pointi."

"Ananipaje kitu ambacho ni changu?"

"Usianze. Anaiacha. Pointi moja inabaki, haiguswi. Na nguzo zinabaki kwenye mstari. Mambo mawili anayaondoa mezani kabisa." Garth aliinua vidole viwili, kisha akabakiza kimoja. "Yeye anataka zile yadi kumi basi."

Marlys alimtazama. Alihisi kitu kikifunguka kifuani, kitu kilichokuwa kimefungwa tangu mwezi wa tisa.

"Yadi kumi tu?"

"Yadi kumi za majani. Hata hayo majani si majani, ni plastiki. Nani atazililia?"

Na kweli, nani angezililia? Marlys aliwaza rangi ile nyekundu, na mabenchi ya kanisani. Angetoka nje ya mlango ule na kusema: pointi imebaki. Watu wangembeba juu juu. Mama Philo angeurudisha ulimi mahali pake. Kengele ingelia Jumapili, kwenye mechi ya nusu fainali, na hakuna mtu angejali kama uwanja ni mia au mia na kumi.

Alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu majira ya joto.

"Garth, ulikuwa umekaa na habari hii tangu asubuhi?"

"Nilitaka nikwambie uso kwa uso. Orest asingenisamehe ningekwambia kwa simu."

"Orest angefungua chupa."

"Angefungua, kisha akanywa na yangu." Wakacheka wote wawili. Hita ilinguruma. Chumba kilipata joto, na Garth akajiegemeza kitini kama mtu aliyetua mzigo. "Haya mambo yakiisha, shemeji, utapumzika. Nitakununulia kiti cha heshima mimi mwenyewe. Pale katikati kabisa, kwenye yadi ya hamsini, na joto lake. Hutavaa tena soksi tatu ukaangalie mpira."

"Utanilipia wewe? Wewe ambaye hata—"

Marlys aliishia hapo.

Kitu kilikuwa kimepita masikioni mwake, kikaenda, kisha kikarudi.

"Hamsini ipi?" aliuliza.

"Nini?"

"Umesema katikati kabisa, kwenye hamsini. Hamsini ipi, shemeji?"

Garth alirudisha mkono gotini.

Mtoto wa Fort Garnet hujua jambo hili kabla hajajua kufunga kamba za viatu vya barafu. Uwanja wa yadi mia na kumi una hamsini mbili, moja upande huu na moja upande ule, na katikati yake ni hamsini na tano. Ukimwambia mtu mkutane kwenye hamsini, lazima akuulize ipi. Hamsini iliyo moja, iliyo katikati, iko kwenye viwanja vya kusini tu, ng'ambo ya mpaka, kwa Wamarekani. Kwao uwanja ni yadi mia.

Na aliyekosea hakuwa mgeni. Aliyekosea alikuwa Garth Lindqvist, ambaye mistari ya uwanja ule aliipiga rangi kwa mikono yake akiwa kijana.

"Nimesema hamsini na tano," alisema.

"Hukusema."

"Basi ulimi umeteleza. Televisheni hii, shemeji. Tunaangalia mno mechi za kusini." Alicheka. Marlys alikingoja kicheko kile kiishe, na kikaisha.

"Na joto?"

"Joto gani tena?"

"Umesema na joto lake. Uwanja wetu hauna paa, Garth. Jumapili itakuwa baridi ya kufa kuku. Hilo joto linatoka wapi?"

Garth alikiinua kikombe akanywa. Kikombe kilikuwa kitupu. Marlys alimwona akikimaliza dakika nyingi nyuma.

Ndipo maneno ya Mama Philo yalipomrudia. Angekuwa na mahali pengine pa kutuhamishia. Sheria ya ligi ilikuwa wazi, na Marlys aliijua kwa moyo. Klabu isiyojaza nusu ya viti miaka mitatu mfululizo, ligi yaweza kuichukua nafasi yake na kuipeleka penye uwanja unaofaa. Fort Garnet ilikuwa mwaka wa tatu. Kilichoilinda si wingi wa watu wala mapenzi yao. Ililindwa na urefu wa uwanja. Kule kusini kuna majumba ya mpira yenye paa, viti vya ngozi na joto, na hakuna hata moja linaloweza kumeza yadi mia na kumi.

Kwa hiyo pointi ilikuwa nini? Ilikuwa moshi. Mwizi wa ng'ombe huchoma banda la kuku, wenye nyumba wakakimbilia kuku. Mji mzima ulikuwa ukililia pointi moja, na zizi lilikuwa wazi.

"Umekwenda kuliona hilo jumba," alisema Marlys. Hakuuliza.

Hita ilikuwa imeshika moto sasa. Kutoka kwenye goti la Garth, kupitia suruali nzito, ilipanda harufu. Kali, ya kuwasha macho.

Marlys aliutazama ulimi mezani. Halafu akamtazama aliyeufunga asije akauchubua.

"Ulitaka niwaogope watu wangu," alisema. "Ndiyo maana ya bata. Niwaogope, kisha uje wewe na kahawa."

"Mji huu unakufa, shemeji." Aliyasema haya kwa upole, na upole ule ulimtisha Marlys kuliko ukali. "Shule ya pili imefungwa. Mgodi unapunguza watu. Mwanao mwenyewe yuko Vancouver. Mji utakufa, mimi na wewe tutakufa, lakini timu si lazima ife nasi. Itaishi mahali. Itaitwa Bata Bukini. Kengele itakwenda nayo, nimeomba hilo kwa kinywa changu, na nimekubaliwa. Mimi nitakuwa pale kuitunza."

"Kengele ya Fort Garnet, ng'ambo ya mpaka."

"Ni afadhali ilie huko kuliko iote kutu hapa."

Simu iliita.

*

Kutoka kwenye spika ya simu, sauti ya Carrick ilijaa ofisi, laini na safi, kama ya mtu aliyekaa kwenye zulia.

"Mabibi na mabwana, tuko wote tisa. Pendekezo lililo mezani limepunguzwa: pointi moja inabaki, nguzo zinabaki, uwanja unakuwa yadi mia. Kama ilivyo kawaida, baada ya kuhesabu mstari utabaki wazi nusu saa kwa klabu itakayotaka kubadili kura. Tuanze."

Klabu zikaitwa moja moja. Ndiyo. Ndiyo. Hapana. Marlys alisikia sauti alizozijua, watu aliokwisha kula nao. Ndiyo. Hapana. Ndiyo. Ndiyo. Hapana. Garth alikuwa ameinamisha kichwa, anasugua goti, anasugua.

"Ndiyo ni tano, hapana ni tatu," alisema Carrick. "Fort Garnet. Bi. Hnatiuk, nadhani makamu wako ameshakueleza."

"Amenieleza," alisema Marlys. "Nina swali moja kabla."

"Hatuna muda mwingi."

"Halitachukua muda. Uwanja ukiwa yadi mia, ni wapi timu itaweza kucheza kesho ambapo leo haiwezi?"

Mahali fulani mtu alikohoa.

"Swali hilo halipo kwenye ajenda," alisema Carrick.

"Hata mimi ningependa kulisikia jibu lake," ilisema sauti nyingine, ya mzee Thorvaldur wa Winterhaven, ambaye alikuwa amesema ndiyo. "Ni mji gani huo, Mkuu?"

"Ajenda ni moja, Bwana Thorvaldur. Bi. Hnatiuk. Kura yako."

Garth aliinua kichwa. "Shemeji," alisema chini chini, kiganja chake kimefunika simu. "Sikuwahi kukuomba kitu. Nilibeba jeneza la Orest begani, mbele kushoto. Sikukuomba kitu. Leo nakuomba."

Marlys alimtazama mtu huyu aliyekula mezani kwake kila Krismasi. Alihisi huruma, na huruma hiyo karibu imuangushe. Kisha akaona, ukutani nyuma ya bega lake, picha ya ule mwaka wa theluji. Orest kapiga magoti, kidole juu ya mpira. Jukwaa limejaa kofia za sufi, na nusu ya wenye kofia hizo bado wako hai, bado wana vipande vyao vya hisa za klabu vimetundikwa jikoni juu ya jiko. Timu ni yao. Hakuna aliyewauliza kama wanataka kufa.

Aliuondoa mkono wa Garth kwenye simu.

"Fort Garnet inasema hapana."

Kalamu iliangushwa upande wa pili.

"Tano kwa nne," alisema Carrick. Ulaini ulikuwa umepungua. "Pendekezo limeanguka. Kwa sasa. Mstari uko wazi nusu saa."

Nje theluji ilikuwa imeanza tena, nzito, na mnara ulionekana kwa shida dirishani. Marlys alifikiri jinsi atakavyomwambia Mama Philo, na jinsi mama yule atakavyotema maganda na kusema, basi leo umeanza kuwa mwenyekiti.

Ndipo alipokumbuka kwamba mpaka sasa hajasikia kitu.

Mama Philo alikuwa amepanda zamani. Mara moja, kengele ni nzima. Mbona hajagonga?

"Garth," alisema. "Bata yule ni mzito. Na ulimi ndani yake. Goti lako halipandi hata ngazi za kanisa."

Garth alisimama. Alikwenda mlangoni kwa mwendo wake wa meza yenye mguu mfupi, akaugeuza ufunguo, akautia mfukoni.

"Nani alimpandisha bata, Garth?"

Kengele ikalia.

Ililia bila ulimi wake, kwa nyundo, sauti kavu iliyokatika kingo. Mara moja. Moyo wa Marlys ukataka kutulia. Kisha ikalia tena, na tena, na tena, mfululizo, kwa haraka ya mkono usiojua haraka, mpaka kioo cha dirisha kikatetemeka na ulimi wa shaba ukatikisika mezani.

Halafu ikakatika katikati.

Marlys alikimbilia dirishani. Hakuona mnara. Aliona theluji tu, na kitu cheusi, kidogo, kikianguka kutoka juu polepole, kikipinduka. Kilipopeperushwa karibu na dirisha akakitambua: kikombe cha karatasi cha Mama Philo.

"Hakuna atakayemgusa," alisema Garth nyuma yake. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejaribu kuamini anachokisema. "Niliwaambia wasimguse. Lakini wale si watu wangu, ni wa Carrick, na mimi siwezi kuwazuia kwa muda mrefu."

Aliisukuma simu mezani, taratibu, mpaka ikafika ukingo wa upande wa Marlys. Taa ndogo ya kijani ilikuwa bado inawaka. Mstari ulikuwa wazi, na upande wa pili mtu alikuwa akipumua, akisubiri.

"Zimebaki dakika za kutosha," alisema. "Badili kura, Marlys."

Kwa miaka thelathini na mitatu Garth hakuwahi kumwita ila shemeji.